Picha za baa alasiri ya majira ya baridi: dalili, chanzo na tiba yake

Baa ya mjini, alasiri ya majira ya baridi, ina vyanzo viwili vya mwanga vinavyogombea picha moja. Dirisha linaleta mwanga wa nje, wa buluu, unaopungua kila dakika. Taa za ndani zinatoa mwanga wa manjano usiobadilika tangu zilipowashwa. Wengi wanaolalamikia picha zao za baa hulaumu kamera, lenzi au giza. Mimi naona chanzo kiko kwingine: mpiga picha hakuamua anapiga mwanga upi, akaiachia kamera iamue, nayo ikashika katikati, mahali ambapo dirisha limeungua, yaani limekuwa jeupe tupu, na watu bado ni weusi.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitufe chochote, tazama uso wa mtu unayetaka kumpiga. Upande unaong'aa unapata mwanga kutoka wapi? Ukishajua hilo, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanakwisha.

Nimefika na jua halipo tena

Tuanze na hili, maana hakuna mpangilio wa kamera unaoweza kulitibu. Katikati ya Desemba jua la London huzama kama dakika nane kabla ya saa kumi jioni. Mtu aliyezoea kusikia kwamba mwanga mzuri uko saa kumi na moja atakuta giza. Mwisho wa Januari wakati wa jua kuzama umesogea hadi karibu saa kumi na dakika 45, kwa hiyo ratiba uliyotumia mwezi mmoja haifai mwezi unaofuata.

Hata kabla halijazama, jua hilo liko chini mno. Tarehe 21 Desemba, saa sita mchana, London hulipata likiwa nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho. Jengo la mita 15 ng'ambo ya mtaa linatupa kivuli cha zaidi ya mita 50. Ikifika saa tisa alasiri jua limeshuka hadi nyuzi 5, na kivuli kile kile kimepita mita 160. Ndiyo maana unasimama mbele ya baa, anga ni safi kabisa, na ukuta wote uko kivulini.

Tiba ni ramani. Mwezi huo jua huzama kusini-magharibi, si magharibi kamili. Tafuta mtaa unaonyooka kuelekea huko, kwa sababu huo ndio mwanga hupita ndani yake kama maji mferejini, na baa iliyo upande wowote wa mtaa huo itapata mwanga wa ubavuni. Baa za kona zina bahati zaidi. London zimejaa, na kona ina pande mbili: mtaa mmoja ukifungwa na majengo, mwingine huenda uko wazi. Usidharau pia majengo marefu ya vioo. Jua likigonga ghorofa za juu za ofisi, linarudishwa chini kwa vipande, na kipande kimoja kikiangukia mlango wa baa una dakika chache za picha ambazo ramani haikukuonyesha.

Kama hakuna lolote kati ya hayo, acha kulifukuza jua. Subiri.

Nje: baa ni nyeusi, anga ni jeupe

Chanzo: umepiga mapema. Kabla jua halijazama, anga linazidi mwanga wa ukuta ulio kivulini kwa kiasi ambacho kamera haiwezi kukibeba, na taa za madirishani hazionekani hata kama zimewaka.

Hapa subira ni kifaa kama vifaa vingine. Kuanzia jua kuzama hadi giza la kweli kuanza kuingia, London mwezi Desemba inachukua kama dakika 40, na ndani ya muda huo mwanga wa anga safi unaporomoka kwa takriban stopu saba. Stopu moja ni mwanga kupungua kwa nusu. Maana yake, kwa makadirio, kila dakika sita nje kunakuwa na nusu ya mwanga uliokuwepo, huku taa za baa zikiwa pale pale. Lazima zifike mahali zinakutana. Kwa baa yenye taa za kawaida, mara nyingi ni kati ya dakika 15 na 30 baada ya jua kuzama: anga ni la buluu iliyokolea, matofali bado yanaonekana, kibao cha jina kinasomeka, na madirisha yana rangi ya asali. Siku ya mawingu mazito mkutano huo unakuja mapema zaidi.

Weka tripodi kabla, panga fremu, kisha piga kila dakika mbili bila kubadilisha chochote isipokuwa kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga. Ukirudi nyumbani utaona mwenyewe ni fremu ipi mwanga wa nje na wa ndani vililingana. Ukiwa huna tripodi, egemea nguzo ya taa, bana viwiko mbavuni.

Kama kibao cha jina kina taa zake na kinaungua huku vingine vyote viko sawa, piga fremu ya pili yenye giza zaidi kwa ajili ya kibao peke yake, uziunganishe baadaye. Hiyo si hila. Jicho lako pia linafanya hivyo, linatazama kibao kisha linatazama ukuta.

Ndani: upande mmoja wa uso ni buluu, mwingine ni chungwa

Hili ndilo lalamiko kubwa, na linastahili kukaa nalo.

Mwanga hupimwa rangi kwa kelvini: namba ikipanda, mwanga unazidi kuwa wa buluu. Mshumaa uko karibu 1,900. Balbu za manjano za baa ziko kati ya 2,700 na 3,200. Mwanga wa mchana ni kama 5,500. Lakini mwanga wa anga bila jua, yaani ule unaoingia dirishani jioni ya baridi, unaweza kupita 8,000. Kamera ina mizani moja tu ya weupe, yaani uamuzi wa mwanga upi uonekane mweupe, kwa fremu nzima. Ikiwekwa kati, mkono ulio karibu na dirisha unakuwa wa maiti na shavu lililo karibu na taa linakuwa la karoti.

Kosa la kawaida ni kwenda kwenye kompyuta na kujaribu kuvifanya vyote viwe vyeupe. Havitakuwa, na hata vikiwa, umeua jioni yenyewe. Mtu aliyekaa dirishani ameketi hasa kwenye mpaka wa mwanga wa aina mbili, na mpaka huo ndio picha. Unachohitaji ni kuamua nani mwenyeji na nani mgeni.

Mtu akiwa karibu na dirisha, weka mizani kwa mkono karibu 5,000 hadi 5,500. Uso unabaki na ubaridi kidogo, na taa za nyuma zinageuka dhahabu. Inapendeza, kwa sababu joto liko mbali naye na picha inakuwa na kina. Akiwa kaunta, mbali na dirisha, shuka hadi 3,200 au 3,500: ngozi inakuwa ya kawaida, na dirisha la mbali linakuwa buluu safi. Inayosumbua ni meza ya katikati, iliyo hatua tatu kutoka kwenye dirisha na hatua tatu kutoka kwenye taa. Kwa meza hiyo tiba bora ni miguu yako. Zunguka mpaka mwanga mmoja uwe mbele ya uso na mwingine uwe nyuma ya nywele. Ule wa nyuma unaweza kuwa na rangi yoyote, hautaharibu kitu.

Piga kwa faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, ili uamuzi huu uweze kuurekebisha baadaye bila kuirarua picha.

Ukiona kijani au zambarau kwenye nyuso, kagua friji ya chupa, mashine ya michezo na kibao cha mlango wa dharura. Taa hizo ni ndogo ila zina nguvu kwa aliye karibu nazo. Hatua moja pembeni mara nyingi inatosha.

Mistari ya giza inakatiza picha

Kamera ni nzima. Taa nyingi, hasa za LED za bei ya chini, zinapepesa kwa kufuata umeme. Kwenye umeme wa hezi 50, kama wa Uingereza, zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kwenye hezi 60, kama wa Marekani, mara 120. Shata ya kielektroniki inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari mingine inasomwa taa ikiwa imefifia.

Zima hali ya ukimya, ambayo hutumia shata hiyo ya kielektroniki, rudi kwenye shata ya kimakanika, na utumie sekunde 1/50 au 1/100. Ukiwa Marekani, 1/60 au 1/120. Kama mistari bado ipo, huenda taa hiyo ina kidhibiti cha kupunguza mwanga kinachopepesa kwa kasi yake yenyewe, nawe huna la kufanya ila kugeukia dirisha.

Chenga nyingi, mbao zimekuwa kijivu

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kinadhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Baa ya zamani ina kuta za mbao nyeusi, dari lililokolea kwa umri, viti vya ngozi ya rangi ya damu ya mzee. Kamera inaviona, inasema kuna giza kupita kiasi, inapandisha ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga, hadi mbao zinafanana na saruji. Unapata chenga, yaani vidoadoa, ambazo hukuzihitaji na unapoteza rangi uliyoifuata.

Geuza fidia ya mwanga, mpangilio unaoiambia kamera ipige kwa giza au mwanga zaidi, iwe stopu −1, wakati mwingine −1.5. Mbao zinarudi kuwa mbao. Kivuli kiache kiwe kivuli, mradi uso una mwanga.

Pa kuanzia, kwa baa ya taa za kawaida baada ya dirisha kufifia: tundu la lenzi la f/2 (namba ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia), sekunde 1/60, ISO 1600. Lenzi ya f/2.8 inahitaji ISO 3200 kwa kazi hiyo hiyo. Lenzi ya kuvuta ya f/5.6 itakuomba ISO 12800, na hapo ndipo lenzi ndogo ya bei nafuu isiyovuta, yenye f/1.8, inaishinda lenzi ghali. Chenga za ISO 3200 kwenye kamera za sasa hazina ubaya. Picha iliyopigwa na giza kisha ikavutwa juu kwenye kompyuta ina chenga mbaya kuliko hizo.

Picha imetikisika

Tofautisha aina mbili kabla ya kutibu. Kama kila kitu kimetikisika, meza na viti pamoja, ni mikono yako. Kama kiti ni kikali na mtu ana ukungu, ni yeye aliyesogea, na kidhibiti cha mtikisiko cha lenzi hakitakusaidia hata kidogo.

Mtu anayesikiliza anaweza kupigwa kwa 1/60. Anayeongea kwa mikono anataka 1/125. Anayecheka hutupa kichwa nyuma ghafla, na 1/125 hainitoshi; natumia 1/200 au namsubiri amalize. Mazungumzo yana mapumziko. Mtu akishusha glasi mezani kuna nusu sekunde ambayo mwili wote umetulia, na hiyo ndiyo ya kubonyeza.

Kwa simu, hali ya usiku huunganisha fremu nyingi kuwa moja, ndiyo maana mhudumu anatokea na mikono mitatu. Izime watu wakiwa wanatembea. Bonyeza na ushikilie kwenye uso hadi mwanga ufungwe, kisha teremsha kidole ili kupunguza mwanga.

Dirisha limeungua, au watu wote ni vivuli

Ukimtia mtu mbele ya dirisha saa nane mchana, huwezi kuvipata vyote viwili. Chagua. Kivuli cha mtu chenye umbo safi, pua na glasi vikionekana kwa ubavu, ni picha halali kabisa. Kinachoharibu ni kivuli nusunusu, ambacho mtazamaji anahisi alitakiwa kumwona mtu ila hakumwona.

Ukitaka uso, usimpige kutoka ndani kuelekea dirishani. Kaa wewe upande wa dirisha, mgongo au bega lako likiligusa, ili mwanga utoke upande wako. Au ngoja jua lizame: mwanga wa dirisha utashuka wenyewe hadi ulingane na taa, kama anga lilivyofanya nje. Histogramu, yaani grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, giza kushoto na weupe kulia, ikigusa ukuta wa kulia kwa sababu ya balbu pekee, usihangaike, balbu ina haki ya kuwa nyeupe. Ikigusa kwa sababu ya paji la uso au povu la bia, punguza.

Mpiga picha yuko ndani ya picha

Baa za zama za Malkia Victoria zilijengwa kwa vioo. Princess Louise, mtaa wa High Holborn jijini London, ina mapambo ya ndani ya mwaka 1891: vigae, vioo vya kujitazamia vilivyochongwa, na vizuizi vinavyogawa kaunta kuwa vyumba vidogo. Kila unakogeuka unajiona. Hakuna kichujio kinachotibu kioo cha namna hiyo, kwa sababu upande wa nyuma kina madini yanayorudisha mwanga wa kila namna. Tiba ni pembe: simama ubavuni mpaka kioo kionyeshe kitu unachokitaka, kwa mfano mtu wa upande wa pili wa kaunta. Kioo kikikupa mtu wa pili ndani ya fremu, kipokee.

Kioo cha dirisha ni jambo jingine. Ukipiga kutoka nje kuingia ndani, kichujio cha polarizi kinafuta mwako wa mtaa, lakini kwa pembe maalumu tu: takriban nyuzi 35 kutoka kwenye uso wa kioo. Ukisimama uso kwa uso na dirisha hakifanyi kitu, tena kinakunyang'anya stopu moja hadi mbili za mwanga ulioufuata kwa shida. Bora usogeze lenzi hadi iguse kioo na uizungushie skafu nyeusi. Fokasi ikikataa na kung'ang'ania michoro ya kioo, zima fokasi ya kamera, zungusha kwa mkono.

Kabla hujapiga watu kupitia dirisha, ingia ukaongee nao. Nchini Uingereza kwa kawaida sheria haikuzuii kupiga picha ukiwa mtaani, lakini ndani ni mali ya mtu, na mwenye baa ndiye anayeweka masharti. Mhudumu wa kaunta akikujua kwa jina, kazi yako yote inakuwa nyepesi.

Lenzi imejaa ukungu

Nje ni nyuzi 3 za sentigredi. Ndani ni 20, watu wamejaa, pumzi na makoti yaliyolowa vinaongeza unyevu. Hewa ya nyuzi 20 yenye nusu ya unyevu inayoweza kubeba huanza kutoa maji kwenye chochote kilicho chini ya nyuzi 9 hivi. Lenzi yako iko nyuzi 3. Inalowa hapo hapo, na ukiifuta inalowa tena, safari hii ikiwa na alama za kitambaa.

Fanya hivi: ukiwa bado nje, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, toa hewa, funga. Ingia, agiza kinywaji, kaa. Matone yatajikusanya juu ya mfuko badala ya kwenye lenzi. Baada ya dakika 20 hadi 30 fungua. Usibadilishe lenzi kabla ya hapo, maana unyevu utaingia mpaka kwenye kihisi cha picha. Kama unapiga kwanza nje kisha ndani, hesabu muda huo kwenye ratiba yako, la sivyo mwanga uliokuwa unaungoja dirishani utaukosa ukiwa umeshika kamera kipofu.

Betri inayokufa mapema nje haijafa. Baridi imeifanya ivivie. Itie mfuko wa ndani karibu na mwili, tumia ya pili, kisha zibadilishane.

Bia inaonekana kama maji ya matope

Umeipiga kwa mwanga wa mbele. Bia inawaka pale mwanga unapopita ndani yake. Weka glasi kati yako na dirisha, shuka hadi kamera iwe usawa wa kioevu, na uone rangi ikifunguka kutoka kahawia hadi shaba. Kama nyuma kuna mbao nyeusi, egemeza kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya glasi, kidogo kuliko glasi yenyewe ili kisionekane. Piga upesi, povu halikai. Bia nyeusi kama stauti haipitishi mwanga. Kwa hiyo shughulikia povu lake na mstari wa mng'ao kwenye ukingo wa glasi.

Mbona sipati miale kama ya picha za zamani?

Miale ile mirefu inayokata chumba kutoka dirishani ilionekana kwa sababu ya moshi wa sigara. Mwanga wenyewe hauonekani ukipita ubavuni hadi ugonge kitu, na baa za wakati huo zilikuwa na moshi wa kutosha. Ireland ilipiga marufuku uvutaji ndani ya baa mwaka 2004, Scotland 2006, Wales na England 2007. Tangu hapo hewa ni safi na mapafu ya wahudumu yamepumzika, jambo ninalolifurahia kuliko picha yoyote.

Mwale bado unaweza kuupata kwa sekunde chache: mvuke wa sahani ya moto inapotoka jikoni, pumzi ya mtu anayefungua mlango kwenye baridi, vumbi la kitambaa kikikung'utwa. Pembe ni muhimu zaidi ya vyote. Piga ukiuelekea mwanga, na nyuma ya mvuke pawe peusi. Ukiwa na jua mgongoni hutauona kabisa.

Kwenye simu ilipendeza, nyumbani ni nyeusi

Uliitazama picha kwenye chumba chenye giza, na skrini ikaonekana inang'aa kuliko hali halisi. Ukiwa ndani ya baa amini histogramu. Ukifika nyumbani, punguza mwangaza wa skrini kabla ya kuhariri, washa taa ya chumba, inua nyuso peke yake kwa brashi badala ya kuinua picha nzima. Ukijikuta unaweza kuhesabu misumari ya dari, umezidisha. Rudisha vivuli chini hadi dirisha na taa viwe tena vitu ving'aavyo kuliko vyote ndani ya chumba.